Umeme ukikatika, nani anaendelea kuimbwa?

Mwaka 2025, kiangazi kilipoanza huku Katanga, wimbo wenye umri wa zaidi ya miaka 60 uliingia kwenye simu za watoto wetu bila kupiga hodi. Unaitwa "Pretty Little Baby". Mwenyewe ni Connie Francis, Mmarekani, aliyeurekodi mwaka 1961 na kuutoa mwaka uliofuata ndani ya albamu, bila kuutegemea. Waandishi walipomwendea kumuuliza habari zake, alisema wazi kwamba hakuukumbuka. Ilibidi ausikilize kwanza. Tarehe 16 Julai mwaka huohuo akafariki akiwa na miaka 87. Mpwa wangu, aliye mwaka wa sita wa shule ya msingi, alikuwa akiuimba hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, huku akisugua masufuria, Kiingereza chake kimevunjikavunjika hata kinafanana na Kibemba. Nikamuuliza anayeimba ni nani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la fundi aliyetengeneza sufuria. "Ni sauti ya TikTok, mjomba."

Kisa hicho kimesomwa vibaya. Kwenye vikundi vya WhatsApp, redioni, hata penye michopo na bia, watu wamekitumia kuthibitisha kwamba intaneti imefuta usahaulifu: kila kitu kimehifadhiwa, kila sauti itapata zamu yake, kwa hiyo mabinti wanaotamba leo kwa mamilioni ya watazamaji wameshajihakikishia miaka 50 mbele. Kutoka hapo ubishi wa nani kati ya waimbaji wa kike wa leo atakumbukwa unahamia kwenye hesabu: nani ana watazamaji wengi YouTube, nani amejaza uwanja, nani amepewa tuzo. Mimi naona kisa cha Connie Francis kinasema kinyume kabisa. Kilichorudi ni wimbo. Jina lilibaki nje ya mlango. Na ninaamini mwimbaji atakayekumbukwa baada ya vizazi viwili ni mwenye vitu viwili ambavyo hesabu za leo hazivipimi: wimbo uliopata kazi katika maisha ya watu, na jina lililopata mlinzi. Akikosa cha kwanza, atabaki kwenye vitabu. Akikosa cha pili, atakuwa sauti ya TikTok.

Tukichunguze kisa chenyewe kwa karibu. Mwaka 1960 Connie Francis alikuwa mwanamke wa kwanza anayeimba peke yake kushika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya Billboard Hot 100, kwa wimbo "Everybody's Somebody's Fool". Kama hesabu zingekuwa ndiyo ramani ya kumbukumbu, huo ndio ungerudi. Haukurudi. Ulirudi ule wa pembeni, uliowekwa kujaza santuri. Kate Bush wa Uingereza naye alitoa "Running Up That Hill" mwaka 1985, na mwaka 2022 wimbo huo ukafika nafasi ya kwanza nchini kwake kwa sababu kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kiliutumia. Na kuna Patti Page, miongoni mwa wanawake waliouza santuri nyingi kabisa Marekani miaka ya 1950, ambaye "Tennessee Waltz" yake iliuza mamilioni ya nakala. Mtaje leo mbele ya vijana 100, wa huku au wa kwao, uone ni wangapi watainua kichwa. Bahati inacheza sehemu kubwa, nakubali. Lakini bahati huchagua kutoka kwenye rafu, haichagui kutoka hewani. Kampuni iliyokuwa na kanda ya Connie Francis iliitunza, ikaisafisha, ikaiweka kwenye maduka ya mtandaoni. Mtoto wa Katuba alifikiwa na kilichokuwa kimetunzwa. Kisichotunzwa hakina zamu.

Sasa tuitazame rafu yetu sisi. Miaka ya 1950, Lucie Eyenga alikuwa tayari nyota wa rumba Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, wakati santuri nyingi zilitoka kwenye studio za wafanyabiashara Wagiriki. Huku kwetu Katanga, mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alipita na mashine yake ya kurekodi, akamkuta Mwenda Jean Bosco na gitaa lake Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akarekodi "Masanga". Kwa sababu hiyo mpigaji gitaa yeyote duniani anayejifunza mtindo wa Katanga analijua jina la Mwenda. Anastahili, na zaidi. Ila wanawake walioimba kwenye ndoa na vilio vya miaka hiyo, waliotwanga mihogo wakitunga mafumbo juu ya waume wa migodini, majina yao yako wapi? Mashine haikusimama mbele yao. Kumbukumbu yetu imefuata njia ambayo mashine ilipita, na mashine ilikuwa ikimtafuta mwanamume mwenye gitaa.

Ndiyo maana, tukiulizana ni nyota gani wa kike wa Kongo wamevuka mtihani wa miaka 40, orodha ni fupi: Abeti Masikini, Mpongo Love, M'bilia Bel, Tshala Muana. Inafaa kuwatazama wakiwa pamoja kwa sababu walikuwa mlolongo. M'bilia Bel alianza kama mchezaji wa Abeti kabla ya kupita kwa Sam Mangwana na kuingia Afrisa International, bendi ya Tabu Ley, mwaka 1981. Tshala Muana alicheza kwenye kundi la Mpongo Love. Walikuwa wa kizazi kimoja, nchi moja, mara nyingi jukwaa moja. Hata hivyo hawakumbukwi kwa kiwango kimoja, na tofauti hiyo inatufundisha kuliko chati yoyote.

Abeti ndiye aliyekuwa na barua nzuri kuliko wote, kama tungekuwa tunaajiri. Mzaliwa wa Kisangani, aliimba kwenye ukumbi wa Olympia wa Paris mwaka 1973 akiwa hajatimiza miaka 20, mwaka uliofuata akapanda jukwaa la Carnegie Hall New York, na aliimba Kilingala, Kiswahili na Kifaransa. Alifariki mwaka 1994, bado hajafika 40. Leo wazee wanamtaja kwa heshima kubwa. Lakini kwenye sali za ndoa za mitaa yetu ya Lubumbashi, iwe Kenya, Katuba au Ruashi, ukiacha "Je suis fâché" ya mwaka 1986 ambayo bado inainua akina mama kwenye viti, sauti yake ni nadra. Mpongo Love, aliyedhoofika miguu utotoni na bado akasimama mbele ya orkestra, alikufa mwaka 1990 na miaka 33 tu. Lakini "Ndaya", iliyotungwa na Mayaula Mayoni, bado inazunguka kuanzia hapa hadi Dar es Salaam na Nairobi. Kwa nini? Kwa sababu ni wimbo wa mke anayejisifu kwamba mumewe ni wake. Wimbo huo una kazi. Kila palipo na mke mwenye jirani mwenye mdomo, "Ndaya" ina ajira.

Tshala Muana naye ndiye mfano wangu mkuu, na siyo kwa sababu alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1958, ingawa sitaficha kwamba hilo linanifurahisha. Alichofanya yeye ni kuchukua mutuashi, ngoma ya Waluba wa Kasai ambayo ilikuwa hai kabla yake na kabla ya bibi yake, akaivalisha gitaa na ngoma za umeme, kisha akalifunga jina lake kwenye kiuno cha ngoma hiyo. Leo huwezi kucheza mutuashi bila mtu kulitaja jina lake. Hajategemea wimbo mmoja uliobahatika. Ameshika aina nzima ya furaha. Mengine yake yatapukutika. Siasa zake zitapukutika, pamoja na kile kisa cha Novemba 2020, alipowekwa kizuizini kwa muda mfupi kwa sababu ya wimbo "Ingratitude" uliodhaniwa kumlenga mkubwa. Alipofariki Kinshasa tarehe 10 Desemba 2022, magazeti yaliandika sana juu ya hayo. Baada ya miaka 30, ni mtafiti tu atakayeyauliza.

Fikirieni jambo moja. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu, wakakaa majuma kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakisubiri behewa la kuwarudisha kwenye nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Jirani alimgeukia jirani. Baada ya jambo kama hilo ungetegemea Tshiluba, lugha ya Waluba wa Kasai, kitoweke kwenye sherehe zetu, angalau kwa kizazi kimoja. Hakikutoweka. Nimeona na macho yangu watu ambao wazee wao walikuwa pande mbili za chuki ile wakiyumba pamoja kwenye mutuashi, kikwembe kimefungwa chini ya tumbo. Sidai kwamba wimbo uliwapatanisha. Nyimbo hazina uwezo huo, na anayesema hivyo anauza kitu. Nasema tu kwamba wimbo uliopita kwenye moto ule bila kuungua hauhitaji YouTube iuhakikishie maisha.

Kipimo changu nilikipata kwa bahati, kwenye ndoa ya binti wa jirani. Saa tatu za usiku umeme ulikatika. Jenereta ilikohoa mara tatu ikanyamaza. Dijei, kijana mwenye kompyuta mbili na spika refu kuliko yeye, alibaki amesimama gizani na vifaa vyake kama mchuuzi wa samaki baada ya soko. Kabla ya hapo alikuwa amepiga karibu kila anayetamba: Aya Nakamura, Zuchu, Tyla, Ayra Starr, na watu walicheza vizuri sana. Kisha, gizani, tantini mmoja akachukua chupa mbili tupu akaanza kuzigonga. Mwingine akapiga sahani ya bati. Wimbo ulioanza ulikuwa "Karibu Yangu" wa Tshala, baadaye mwingine wake wa Tshiluba, kisha nyimbo za kanisani, kisha "Vuli Ndlela" ya Brenda Fassie wa Afrika Kusini. Hakuna aliyejaribu wimbo wa mwaka huu. Siyo kwamba hawakuupenda, walikuwa wameucheza dakika kumi tu kabla. Haukuwa mdomoni mwao. Ulikuwa kwenye kompyuta ya dijei, na kompyuta ilikuwa imelala.

Najua jibu la vijana, na ni jibu zuri: ndoa ile ilikuwa na akina mama wa miaka 50, ngojea hao wa miaka 20 wafike 50 uone watakachoimba gizani. Ni kweli, kila kizazi huzeeka na nyimbo zake. Lakini "Vuli Ndlela" ilitoka mwaka 1997, na waliokuwa wakiiitikia kwa nguvu zaidi walikuwa mabinti waliozaliwa baada ya Brenda Fassie kufariki mwaka 2004. Hawakuipata ujanani mwao, waliirithi. Na waliirithi kwa sababu ni wimbo wa mzazi anayewaambia majirani wafungue njia, mtoto wake wa kiume anaoa. Maana ya maneno yenyewe hawaijui. Saa ya kuimba wanaijua barabara.

Hoja dhaifu kuliko zote katika ubishi huu haitoki kwa vijana, inatoka kwa wazee wenzangu. Wanasema: hawa wa leo hawana ujumbe, wanavaa vibaya, wanatikisa makalio, hakuna atakayekumbukwa, zamani ndipo palikuwa na wanamuziki. Hoja hii inasahau kwamba Tshala Muana mwenyewe alilaumiwa kwa kiuno chake na watu walewale ambao leo wanamwita mama. Inasahau pia hesabu ya waliopotea. Mwaka 1986 Jolie Detta aliimba na TPOK Jazz ya Franco, na "Massu" ikapigwa kila kona. Ni wangapi chini ya miaka 40 wanaoweza kumtaja? Kulikuwa na Taz Bolingo, orkestra nzima ya wanawake Kinshasa. Kulikuwa na kina Vonga Aye. Tunaona zamani iling'aa kwa sababu wakati umekwisha kutuchujia, tumebaki na wanne, tukadhani wote walikuwa hao wanne. Miaka ya 1980 ilikuwa na takataka zake nyingi tu. Mimi nilizinunua, kwa kaseti.

Hoja ya tuzo nayo haina miguu mirefu. Tyla wa Afrika Kusini alipopewa Grammy Februari 2024 kwa wimbo "Water", katika kipengele kipya cha muziki wa Afrika, watu walisema amekwisha kuingia kwenye historia. Labda. Lakini Miriam Makeba alipewa Grammy mwaka 1966, pamoja na Harry Belafonte, miaka 58 kabla ya Tyla, na katika watu wote ninaowajua wanaomkumbuka Makeba hakuna anayemkumbuka kwa ajili hiyo. Wanamkumbuka kwa "Pata Pata", kwa "Malaika" aliyoieneza mbali kuliko yeyote, kwa uhamisho wake na kwa kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuusema ubaguzi. Tuzo ni stakabadhi, inathibitisha kwamba mzigo ulipokelewa siku fulani.

Hoja ya hesabu ndiyo yenye nguvu, na sitaki kuipita mbiombio. Mfano wake mkubwa ni Taylor Swift: ziara yake ya Eras, kati ya Machi 2023 na Desemba 2024, ilikuwa na maonyesho 149 na kuingiza zaidi ya dola bilioni 2. Hakuna mwanamuziki mwingine aliyekuwa amefika huko. Je, mtu wa hivyo anaweza kusahaulika? Sidhani. Lakini sababu yangu siyo bilioni. Haki za albamu zake sita za kwanza zilipouzwa bila yeye, alirudi studio akarekodi upya nne kati yake, na Mei 2025 akazinunua zile za mwanzo zenyewe. Yaani huyu binti alielewa kwamba jina lisilo na hati ya nyumba linaishi kwa hisani ya mwenye nyumba. Fedha nyingi zilimpa uwezo wa kuwa mlinzi wa jina lake mwenyewe, na hapo ndipo hesabu zina maana: zinaweza kununua ulinzi, ila hazigeuki kuwa ulinzi zenyewe. Mbele ya hilo weka kizazi cha M'bilia Bel. Sauti ilikuwa yake, uso kwenye jalada ulikuwa wake, lakini orkestra ilikuwa ya mwanamume, na nyimbo nyingi alizoimba Afrisa zilitungwa na Tabu Ley. Bado "Nakei Nairobi" inaimbwa huko Nairobi kwenyewe kama wimbo wa nyumbani, na M'bilia Bel atakumbukwa. Nina shaka kidogo tu ni kwa jina la nani.

Hata hivyo ni lazima tujiulize, kukumbukwa wapi? Ubishi huu unafanywa kana kwamba dunia ina kichwa kimoja. Taylor Swift ni malkia, lakini katika ndoa zote nilizokwenda Lubumbashi sijawahi kusikia akina mama wakimwimba. Céline Dion nimemsikia hadi kuchoka. Kifaransa cha shule kilimfungulia mlango, na "Pour que tu m'aimes encore" ya mwaka 1995 ilifika kwenye kila kaseti ya mapenzi ya mji huu. Huyu naye ni mlinzi wa wengine. Tarehe 26 Julai 2024, kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Paris, akiwa mgonjwa, alisimama kwenye mnara wa Eiffel akaimba "Hymne à l'amour" ya Édith Piaf, aliyekufa mwaka 1963. Usiku ule Piaf aliongezewa miaka mingine 20. Jioni hiyohiyo Aya Nakamura aliimba akiwa na bendi ya askari wa heshima wa Ufaransa, na watu wengi wakaona hapo ndipo alipotiwa muhuri. Mimi naona muhuri wake utakuwa siku msichana mwingine, mwaka 2055, atakaposimama mahali pakubwa kuimba "Djadja" na wote wakajua ni ya nani.

Pwani wana mfano mzuri kuliko wa Ulaya, na ni wa lugha yetu. Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Santuri zile zilichakaa. Lakini Bi Kidude alizibeba nyimbo zake kinywani hadi alipokufa mwaka 2013, na Shaaban Robert alikaa kitako akaandika wasifu wake. Kinywa kimoja na kalamu moja, basi, karibu miaka 100 baadaye tunajua alikuwa nani. Zuchu, ambaye ni mtoto wa Khadija Kopa, malkia wa taarabu, amezaliwa ndani ya utaratibu huo: shughuli za wanawake, mafumbo, majibu ya jirani kwa jirani. Ndiyo maana kati ya wote wanaotamba leo kwa Kiswahili nampa yeye nafasi kubwa, ila kwa nyimbo zake zinazofanana na taarabu, siyo zile zinazofanana na kila kitu kingine.

Na sasa niseme linalowaudhi marafiki zangu wapenda rumba. Ukiniuliza sauti ya mwanamke itakayoimbwa kwa wingi Lubumbashi mwaka 2065, sitataja nyota yeyote wa dansi. Nitataja Rose Muhando na Christina Shusho wa Tanzania. Makanisa yetu yanaimba Kiswahili kila Jumapili, na katikati ya juma, na usiku kucha kwenye kilio. Hakuna dijei mwenye ratiba kali hivyo. "Unikumbuke" ya Shusho nimeisikia ikiimbwa na kwaya isiyo na kinanda, na watoto wanaoshika maneno kabla hawajajua kusoma. Kazi ya wimbo huo haitaisha mpaka watu waache kuogopa kifo. Lakini kanisa ni mlinzi mbaya wa majina. Linaimba wimbo miaka 100 bila kumuuliza mtunzi, kwa sababu sifa zote zinapaswa kwenda juu. Nani kati yetu anajua aliyetunga nyimbo za kitabu alichorithi kwa mama yake? Kwa hiyo naona mbele kuna hali ya ajabu: wanawake wawili wanaoimbwa kila juma na umati wote, na mjukuu wa mpwa wangu akiulizwa ni wimbo wa nani atasema, ni wa kanisa. Kama yule wa TikTok, kwa heshima zaidi kidogo.

Kwa waimbaji wa leo wa Kongo, maana yake ni nzito. Rumba iliandikwa kwenye orodha ya UNESCO Desemba 2021, na kila hotuba niliyoisikia ilianza na Franco, Kabasele, Tabu Ley, Wendo, na kuwafikia wanawake wakati makofi yameshaanza. Céline Banza, aliyeshinda tuzo ya Découvertes ya redio ya Ufaransa RFI mwaka 2019, na Barbara Kanam, mzaliwa wa Bukavu ambaye "Bibi Madeleine" yake ina Kiswahili cha nyumbani kabisa, wana sauti ambazo zinaweza kufika mbali. Lakini nani ana kanda zao? Nani ana maneno yao kwenye karatasi? Mwimbaji anayetaka kubaki, ushauri wangu ni wa kibiashara tu: tunga wimbo mmoja wa kutoa mahari, mmoja wa kuzaliwa mapacha, mmoja wa kufuta matanga, uimbike kwa chupa na sahani, na hati ya wimbo iwe na jina lako. Nyimbo za kumsifu mwenye duka la nguo zitakulipa mwezi huu. Usizikatae, watoto wanakula.

Usiku ule wa ndoa umeme haukurudi hadi karibu alfajiri. Walipofika kwenye ule wimbo wa Tshiluba nilimuuliza jirani yangu wa mezani kiitikio kinasema nini. Hakujua. Aliyekuwa upande wa pili alieleza hivi, dada yake akasema hapana, ni vile, wakabishana. Bibi harusi, mzaliwa wa hapa, mama yake wa Mbuji-Mayi, alikuwa anacheza bila kukosa hata pigo moja. Nilipomuuliza akacheka, akasema yeye anajua kiuno tu, maneno yako kwa koko, yaani bibi yake. Koko alikuwa amekaa kwenye kona karibu na mlango, mkongojo kati ya magoti, akiimba ubeti wote hadi mwisho, polepole, nyuma ya wengine. Hakuna aliyekuwa na kalamu.